Kilo Sita za Lemayian, Pointi Moja ya Barasa

Nafula,

Barua hii naiandika wewe ukiwa hapo nje unaanua nguo, kwa hivyo sitakuuliza u hali gani. Hali yako naiona kwa dirisha. Umevaa suruali yangu ya zamani na unaimba vibaya. Asubuhi nilikusalimia ukaniitikia na mswaki mdomoni, basi salamu tuhesabu zimekwisha.

Mambo ya safari mama yako amekueleza tangu Jumatatu, mpaka vile utakunja blanketi. Mimi hapo sina la kuongeza. Mimi ni mtu wa darasa la sita, na hiyo sita yenyewe niliifikia kwa sababu mwalimu wa tano alichoka kuniona. Ukikuta mahali nimeandika vibaya, pita, usinisahihishe na kalamu nyekundu kama kawaida yako.

Nataka kukujibu swali. Uliniuliza ukiwa hujaota meno ya mbele, ukaniuliza tena mwaka huu ulipoanza kupigana ndondi na wasichana wa Nairobi: "Baba, Lemayian ndiye mkubwa kuliko wote, ama?" Na mimi nikakujibu vile vile miaka yote: "Bingwa wa uzani tatu, mama. Kwa hii mkoa hakuna mwingine." Halafu nakuonyesha picha iliyo juu ya redio, Lemayian amesimama katikati anatoa jasho, mimi niko pembeni na tai ya kuazima, nimetoa kifua kama jogoo aliyenyeshewa. Kesho unaenda kwa kambi yake akufundishe. Sitaki uende na hilo jibu langu. Lilikuwa bovu, na mimi ndiye nililiozesha.

Sikia. Ubingwa wa uzani tatu ukitajwa kwa redio unakuwa kama mlima. Lakini mimi nimepima nyama hapa Kitengela maisha yangu yote, na kilo nazijua. Kutoka bantam, uzani wake wa kwanza, mpaka uzani mwepesi, wa tatu, ni kilo sita. Kilo sita ni miguu miwili ya nyuma ya mbuzi na maini yake, na bado kuna mifupa hapo. Mtu anaweza kuzipata akikaa kwa mama yake mwezi mmoja bila kazi. Kwa hivyo usihesabu uzani. Uliza kwa kila uzani alimkuta nani upande wa pili, na huyo mtu siku hiyo alikuwa mzima, na waliokaa chini na karatasi waliandika kile waliona. Hayo matatu. Ukiyajua, uzani tatu inaweza kubaki tatu, ama iwe moja na nusu.

Na ubingwa wa Lemayian naujua, kwa sababu mara zote tatu nilikuwa hapo.

Unajua vile niliingia kwa ndondi? Si kwa kupigana. Mimi nilipigwa mara moja tu, na mama yako, na sikuomba marudiano. Niliingia kwa sababu ya mizani. Wakati huo Kitengela ilikuwa kichinjio, maduka kumi na nyasi. Mabondia walikuwa wanapimwa uzani kwetu kichinjioni kwa sababu mizani ya ukumbi wa Kajiado ilikufa. Wanasimama kwa ile sahani kubwa ya kupimia robo ya ng'ombe, wamevaa chupi, wanatetemeka, na mimi nasoma. Nikisema hamsini na nne, ni hamsini na nne. Hakuna mtu aliwahi kusema niliweka kidole. Ndiyo wakaanza kuniita Mizani. Wamasai wakileta ng'ombe wanauliza, "Mizani yuko?" Kama siko, wanangoja. Nafula, hakuna pombe inalewesha mtu kama hiyo. Wakubwa wa ndondi wakasema, mtu kama huyu tumfundishe uamuzi. Wakanifundisha siku mbili, wakanipa kalamu na tai.

Sasa nikuambie ugonjwa wangu, na usicheke. Mtu wetu akija kununua nyama, yaani mtu wa nyumbani Bungoma, ama ndugu wa mama yako, nilikuwa nampimia kavu kavu. Mteja mwingine ninamwekea kipande cha nyongeza juu, hiyo ni desturi ya bucha yoyote. Wetu, hapana. Saa zingine nilikuwa namtilia mfupa mzito ili sahani ifike. Watu kwa foleni wanaona, wanasema, "Huyu Mizani hata shemeji yake hamjui." Naenda nyumbani nimefura. Mama yako alikuwa ananiambia, "Wewe unataka kusifiwa na watu ambao hata matanga yako hawatakuja." Mimi nikaona ni wivu wa wanawake.

Haya. Ubingwa wa kwanza wa Lemayian ulikuwa wa kweli. Alikuwa kijana wa Isinya, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, na alimkuta bingwa wa bantam ambaye alikuwa amekaa na hicho cheo miaka minne. Alimpiga raundi zote tatu na akamsaidia kuamka. Huo ukiusikia, vua kofia.

Wa pili, wa uzani wa unyoya, ni nusu. Mpinzani wake alikuwa amezidisha kilo mbili, akazitoa kwa siku mbili kwa kutema mate kwa mkebe na kukimbia na makoti. Alipopanda kwa sahani yangu nilimshika mkono asianguke. Nikasoma hamsini na saba kamili. Ilikuwa hamsini na saba kweli, lakini ilikuwa hamsini na saba ya maiti. Jioni Lemayian alimwangusha dakika ya kwanza. Hakufanya makosa yoyote. Lakini wewe ukiwa unapima, andika hapo pembeni: alimpiga mtu mwenye njaa.

Wa tatu.

Ulikuwa na miaka saba, na ndio mwaka ule wa mvua ya El Nino, matope meusi ya Kitengela yakimeza magari mpaka mlango. Uzani mwepesi, ukumbi wa Kajiado. Na mpinzani alikuwa Barasa, ndugu mdogo wa mama yako.

Wewe mjomba wako unamjua kwa mdomo wangu tu. Kwa hivyo humjui. Barasa aliishi hapa kwetu miaka mitatu, alilala hapo unapolala wewe. Alikuwa anabeba nyama kichinjioni, robo nzima begani, asubuhi mpaka saa nane, halafu anakimbia mpaka mto Athi na kurudi. Alikuwa anakubeba mgongoni ukishika masikio yake kama usukani. Alikuwa na mkono wa kushoto ambao hutauona ukitoka. Utauona ukirudi. Na siku hiyo kulikuwa na afisa wa timu moja kubwa ya Nairobi ameketi mbele, amesema atakayeshinda anamchukua, anampa kazi, nyumba na mshahara wa serikali. Lemayian alikuwa tayari na kazi. Barasa alikuwa na bega lenye damu ya ng'ombe.

Mimi sikupangiwa pambano hilo. Kila mtu alijua ni shemeji yangu. Lakini jaji wa tatu alikwama kwa matope huko barabarani, na mkubwa wa ndondi akanijia.

"Mizani, tumebaki na wewe."

"Huyo kijana ni wetu, bwana. Ni ndugu ya bibi yangu."

"Na si wewe ndiye hata shemeji humwongezei nyama? Keti hapo."

Watu walicheka, na mimi nikacheka, na nikaketi. Hapo ndipo niliharibu, Nafula, kabla hata kengele haijalia. Ningesema hapana. Lakini nilikuwa nimesifiwa.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Lemayian, hakuna ubishi. Raundi ya pili Barasa akaanza kumpata. Ngumi inahesabiwa ikipiga na ule weupe wa mbele ya glavu, na mimi niliona ule weupe ukiingia kwa uso wa Lemayian mara moja, mara mbili, nikaacha kuhesabu. Lemayian alikuwa anarudi nyuma. Bingwa wa mara mbili, anarudi nyuma mbele ya mbeba nyama. Hapo mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti:

"Huyo wa kalamu ni shemeji yake! Sisi tumeshaibiwa, twendeni nyumbani."

Wakacheka ukumbi wote. Mtu akasema tena, "Leo nyama ina nyongeza."

Masikio yangu yakawa moto. Kengele ikalia. Niliangalia karatasi. Kwa mchezo huo mshindi wa raundi anapewa ishirini, na mwenzake kumi na tisa. Nilijua ishirini ni ya nani. Mkono wangu uliijua. Nikaandika ishirini kwa jina la Lemayian.

Raundi ya tatu nilimpa Barasa, kwa sababu kipofu angempa. Jaji mmoja alimpa Barasa pambano. Mwingine alimpa Lemayian, na huyo sijui aliona nini, kila mtu na macho yake. Yangu ikasomwa mwisho. Hamsini na tisa kwa hamsini na nane. Pointi moja. Mkono wa Lemayian ukainuliwa, bingwa wa uzani tatu, na watu wakanijia, wananipiga mgongo. "Mizani ni Mizani! Amemnyima shemeji!" Ile picha ilipigwa hapo. Angalia vizuri uso wa Lemayian. Miaka yote ulidhani amechoka.

Tulirudi Kitengela na Barasa kwa lori ya ng'ombe, sisi wawili na harufu. Tukapita Isinya. Halafu akaniuliza pole pole, bila hasira, kama mtu anauliza bei:

"Shemeji, raundi ya pili uliona nini?"

Nikamwambia, "Niliona vile niliona."

Ningeweza kumjibu. Tulikuwa wawili tu. Hakukuwa na foleni ya kunisifu hapo, hakukuwa na mtu wa kupaza sauti, na bado nikashindwa. Hilo linaniuma kuliko ile karatasi. Karatasi niliandika kwa uoga. Kwa lori sikuwa naogopa mtu.

Baada ya wiki mbili akachukua nguo zake akaenda Kiserian kuchonga mawe. Mkono ule wa kushoto ukaenda kushika nyundo. Mama yako alidhani ameona aibu kushindwa, akatuma watu wamrudishe, akatuma kuku, akaenda mwenyewe. Hakurudi, na hakumwambia dada yake kwa nini. Alinifichia siri yangu. Sijui kama unaelewa vile hiyo inauma, kufichiwa siri na mtu uliyemwibia.

Na mimi nikafanya nini? Nikamcheka. Hapo ndipo nataka uniangalie vizuri, kwa sababu huo ndio mchezo wako pia, mdomo umeutoa kwangu. Kila ukiniuliza Mjomba Barasa alikuwa anapigana aje, nilikuwa nasimama hapo sebuleni, nakunja ngumi vibaya, nafanya kama mtu anapangusa meza. Unaanguka kwa kicheko. "Mjomba wako alikuwa anapiga ngumi ya kuomba radhi." Ulikuwa na miaka minane, tisa, kumi. Nilikuwa nahitaji awe dhaifu, Nafula. Akiwa dhaifu, pointi yangu ni sawa. Nikakufundisha kumcheka mtu aliyekubeba, mpaka ukasahau kwamba alikubeba.

Sasa usiende kumchukia Lemayian. Yeye alipigana, mimi nilikuwa nimeketi. Na kuna kitu sijawahi kukuambia. Mwaka mmoja baadaye alikuja kichinjioni, akangoja mpaka foleni imekwisha, akanisalimia kwa Kimasai.

"Sopa, Mizani."

"Ipa. Nikupimie mbavu?"

"Sitaki nyama. Ile ya tatu, mzee, mimi sikushinda. Wewe unajua."

"Bingwa akianza kulia, sisi wengine tufanye nini?" Nilimwambia hivyo. Nilimfanyia mzaha.

Hakucheka. Akasema, "Twende kwa huyo kijana tumwambie. Mimi nitasema langu, wewe useme lako. Ng'ombe wa mtu akiingia kwa zizi lako, unamrudisha. Hungoji azae."

Nikamwambia wiki ijayo. Akaja tena, nikamwambia wiki ijayo. Mara ya tatu hakuja. Nilisikia alienda Kiserian peke yake. Walisema nini mimi sijui, na sina haki ya kujua. Najua tu kwamba aliacha kupigana mwaka huo, na kwamba alipokuona ukipigana mara ya kwanza pale Kajiado aliniuliza, "Huyu ni wa dada ya Barasa?" Hakusema wako. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mkono wa kushoto anautoa huko." Ndiyo sababu anakuchukua, mama. Si kwa ajili ya rafiki yake Mizani. Rafiki wa jina hilo hana.

Kwa hivyo jibu lako ni hili. Lemayian ni bingwa wa uzani moja na nusu, na ni mtu wa uzani tatu. Wako wengi wa namna nyingine, wana mikanda mpaka kwa shingo na ndani hakuna kilo hata moja. Ukikaa kambini utawasikia vijana wakihesabu: fulani ana tatu, fulani ana nne, fulani amepanda, fulani ameshuka. Waache wahesabu. Wewe tafuta yule aliyeshindwa, umuulize ilikuwa aje. Mara nyingi hajaulizwa.

Na lingine nimelijua kwa bei mbaya. Upendeleo niliuogopa maisha yangu yote, na nilidhani ni wa aina moja, ule wa kumwongezea mtu wako. Kumbe kuna wa kumpunguzia mtu wako ili watu wakuone umenyooka. Huo wa pili ni mtamu zaidi kwa sababu unapigiwa makofi, na hakuna anayekuja kukushtaki. Wako wataumia, na kwa kuwa ni wako, watanyamaza.

Nilikuwa nimeamua kufa na hii habari. Nilishaizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu, anatafuna na upande wa pili. Lakini Jumapili tukila, mama yako alikuuliza kama unaogopa kambi, na wewe ukasema, "Niogope nini? Mimi si Mjomba Barasa." Ukafanya na mkono ile ya kupangusa meza. Uliifanya vizuri, kuliko mimi. Mama yako aliweka kijiko chini akaenda jikoni, na hakuwa na kazi jikoni. Wewe ulikuwa bado unacheka, ukanitazama nicheke na wewe.

Nilicheka. Hata Jumapili, Nafula. Nilicheka.

Basi leo mchana, ulipoenda kuaga marafiki zako, nilimwita mama yako nikamwambia yote, kutoka matope mpaka lori. Miaka kumi na miwili alikuwa anajilaumu kwamba ndugu yake alitoka kwa sababu hakumtunza vizuri. Alinisikiliza amesimama. Nilingoja anitukane, ama anirushie kitu, sufuria ilikuwa karibu. Aliniuliza jambo moja tu: "Na kuku wangu, alimkubali?" Sikujua. Akaenda akapakua chakula.

Kesho asubuhi yeye ndiye atakusindikiza mpaka steji ya matatu. Mimi hutaniona. Nitakuwa nimeondoka mapema kwenda Kiserian, na sitabeba nyama, wala sukari, wala mzaha wowote, kama nitaweza kuuacha nyumbani. Huenda Barasa asinifungulie. Huenda akanifungulia na ule mkono wa kushoto, na hapo nitakuwa mtu wa kwanza kwa hii familia kuupima vizuri. Sikutumi salamu zako kwake. Ukitaka kumsalimia nenda mwenyewe, na kwanza ujifunze kumtaja bila kumcheka.

Umeingia na nguo sasa. Umeniuliza naandika nini nikakuambia ni hesabu ya ng'ombe waliokufa na kiangazi. Mama yako ameweka sahani mbili mezani, yake na yako. Wewe ulidhani amesahau. Umecheka, ukasema uzee umemwingia, ukakata ugali wako katikati ukanisogezea nusu, na kipande kikubwa cha samaki. Mama yako amekuangalia, hakukukataza. Nimekula mpaka nikamaliza, kwa sababu ningekataa ungeuliza kwa nini.

Ukifika kambini ufungue hii barua, utajua ulimgawia nani.

Baba yako,
Wanjala